Sponji Isiyoguswa na Maji

Charanpal Kaur alikuwa mfanyakazi wa maabara katika chuo kidogo cha mji wa pamba, kusini mwa Punjab, na kazi yake ilikuwa sponji. Alizikata kutoka godoro jipya, akazichemsha katika asetoni, kimiminika cha kusafishia, hadi zikatakata, akazikausha, kisha akazishindilia ndani ya mrija wa kioo na kupitisha maji ya visima taratibu. Maji yalipita, na dawa ya kuua wadudu, kama ilikuwemo, ikanasa kwenye sponji. Baadaye aliisuuza sponji, na mashine ikasema imenasa nini.

Mwaka huo alikuwa na haraka. Mama yake, Bachint Kaur, alikuwa akitetemeka mikono, mate yakimtoka na tumbo likimsokota. Charanpal aliamini adui ni pampu ya mkono iliyokuwa uani, waliyochotea majirani pia, ukingoni mwa shamba la pamba.

"Pampu hiyo aliisimika babu yako," baba yake, Gurnaib Singh, alimwambia. "Sote tumeinywea. Mbona mimi sitetemeki?"

"Wewe, baba, unakunywa chai ya dukani kutwa nzima."

"Haya, mpimaji. Ukimaliza maji, upime na ulimi wako."

Kabati la kukaushia la chuo lilikuwa limeungua, kwa hiyo Charanpal alizipeleka sponji nyumbani na kuzitundika kwenye kamba katika chumba cha ndani, chenye ubaridi, alimolala mama. Humo ndimo yalimokaa makopo ya dawa ya kuua wadudu wa pamba, kama ilivyokuwa katika kila nyumba kijijini. Dawa ilikuwa mali, haikuachwa nje iibwe. Vifuniko vilifungwa kwa vitambaa, na hakuna aliyeisikia tena harufu yake.

Alipozipitishia maji ya pampu, mashine ilionyesha sumu nyingi. Baraza la kijiji likaifunga pampu kwa mnyororo, na majirani wakaanza kuchota mferejini.

"Asante sana, mtaalamu wetu!" Tej Kaur, jirani yao, alimtupia maneno huku akipita na mtungi kichwani. "Shingo yangu imeingia ndani kama ya kobe."

Charanpal aliyavumilia. Alimchemshia mama maji ya mfereji, akamfungia mlango ili apumzike. Lakini mama alizidi kudhoofika, hata pumzi ikawa ya kukoroma.

Ndipo Bi Talwar, mkuu wa maabara, alipomuuliza, "Sponji tupu uliipima?"

"Bado, Madam. Nilitaka kwanza jibu la ugonjwa wa mama."

"Chukua moja isiyoguswa na maji. Isuuze, uipime."

Ilitoa sumu ileile. Charanpal akachemsha sponji nyingine, akaikausha maabarani mbele ya feni, akapitishia maji ya pampu aliyokuwa amebakiza. Safari hii mashine haikuona kitu.

"Zile za kwanza ulizikausha wapi?" Bi Talwar aliuliza.

"Chumbani kwa mama, penye makopo." Sponji zilikuwa zimeinywa hewa ya chumba, yenye mvuke wa dawa, na mama naye alikuwa akiivuta usiku na mchana.

Charanpal alipofika nyumbani aliyatupa makopo uani, kisha yeye na baba wakakibeba kitanda hadi barazani.

"Nirudisheni ndani," mama alinong'ona. "Huku joto."

"Hapana, mama. Vumilia."

Daktari wa mjini aliwaambia wamechelewa. Bachint Kaur alifariki kabla pamba haijachumwa.

Wanawake walikuja kuketi mkekani, vichwa vimefunikwa. Kila aliyemkumbatia, Charanpal alimuuliza sikioni, "Kwenu dawa mnaiweka wapi?" Mmoja alijifanya hajasikia. Mwingine alijifuta machozi akasogea mbali.

"Binti, msibani watu hulia, hawaulizani makopo," Tej Kaur alimkemea. "Jana ulisema pampu ina sumu. Leo haina. Kesho utatuambia nini?"

"Nilikosea, shangazi. Kosa hilo ndilo lililonifanya nimfungie mama mlango."

Tej Kaur aliuvuta mtandio wake mbele ya uso, wengine wakiomboleza.

"Chini ya kitanda cha mkwe wangu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ana mimba."

Charanpal akainuka mkekani na kwenda kutafuta viatu vyake.