Mapafu Safi

Kolwezi, picha ya eksrei huitwa radio. Kwa hiyo mwaka ule wa kufukuzwa tulikuwa na radio mbili. Ya kwanza ilikaa mezani kwa jirani, ikitwambia sisi wa asili ya Kasai turudi kwetu, kwetu ambako sikuwahi kukuona. Ya pili ilikuwa ya kifua cha mpwa wangu wa miaka sita, na mimi ndiye niliyeisoma.

Msichana alikuwa na kansa ya damu. Dawa zilikuwa zimeipunguza kansa, zikafagia pia chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Kisha akaambukizwa mafua yaliyokuwa yakizunguka katika shule tulimolala familia nyingi tukingoja treni. Kwa mtoto mwingine yangekuwa kamasi na kelele tu. Yeye homa ilipanda, akakohoa bila kukoma, na dada yangu akambeba mgongoni hadi hospitali.

Aliyepiga picha alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Naye alikuwa wa kufukuzwa. Daktari akaandika mstari mmoja wa Kifaransa akaondoka. Dada yangu hakusoma Kifaransa, akanipa karatasi. Nilikuwa na shahada ya fasihi, yaani miaka mitano nilisoma mashairi ya watu waliokufa kwa mapafu. Nikasafisha koo. Mapafu safi, nikasema, hakuna cha kutaja. Treni ilikuwa ya kesho yake, na hakuna aliyejua kama kungekuwa na nyingine.

Muuguzi, mama mtu mzima wa Kasaji, mji wa mkoa uleule uliotufukuza, ambaye angeweza kutunyamazia kama wenyeji wengi walivyofanya, alinivuta pembeni, akaniita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata, kwa radio, weupe inaonekana pale fasi baaskari ya damu banapigana. Huyu mutoto hana baaskari. Utaona nini? Mungojee siku mbili, tumupige radio ingine."

Nilimjibu kwamba karatasi ya daktari iko wazi. Nilimjibu kwa Kifaransa, ili ajue anazungumza na nani. Alitazama viatu vyangu, vilivyofungwa kwa waya, akasema tu, "Sawa, tata." Dada yangu aliponiuliza mama yule alitaka nini, nilisema anatutakia safari njema.

Tulipanda behewa la mizigo. Tenke, mahali reli zinapokutana, tulikaa siku mbili kwa kukosa injini. Hapo mtoto akaanza kupumua kwa mbavu, ngozi ikizama katikati yake kila alipovuta hewa. Mama yake alimpepea kwa bahasha ya radio. Ndipo nikamweleza yote aliyosema muuguzi, pamoja na uongo wangu. Nilingoja matusi, lakini aliniita yaya, kaka mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, ule mama alikuambia, na weye ukanyamaza?"

Nikasema ndiyo. Nje watu walikuwa wakisonga bukari, ugali wa huku, kando ya reli. Dada yangu akaniwekea mtoto mapajani.

"Kamata mutoto. Mi mikono imechoka."

Akalala papo hapo, kichwa juu ya gunia la unga. Hakuwa amefumba macho tangu Kolwezi. Mchana treni ikaondoka. Mpwa wangu alipumua haraka haraka, halafu mara chache, halafu basi. Kama siku mbili zile za kungoja hospitali zingemwokoa, sijui. Hata muuguzi hakuahidi hivyo. Nilimshika mtoto vilevile, shavu lake begani kwangu, nikamwacha mama yake alale mpaka alipoamka mwenyewe.