Begi Kwanza, Gitaa Baadaye

Bwanangu Joash hanywi chai kabla hajakigeuza kikombe aone kimetengenezwa wapi. Ndiyo maana hapa nyumbani tunampa kikombe kitupu kwanza. Anageuza, anasoma, anaguna, ndipo tunammiminia. Kuna siku alisahau akageuza kikombe chenye chai, tena kwa mchungaji, tena mapajani mwa mchungaji. Hatujaalikwa huko tena.

Ugonjwa huu aliutoa kazini. Babake alikuwa mtu wa reli, akatoka Nyanza akaletwa Nakuru, na Joash akazaliwa papa hapa Kivumbini. Alipokuwa mkubwa akaandikwa kwenye kiwanda cha blanketi, akasimamia mashine ya kufuma mpaka nywele zikaanza kumtoka. Blanketi zao tunazo hadi leo. Ni nzito, ukifunikwa unajua kweli umefunikwa. Halafu zikaja za kutoka nje, laini kama paka, zimechorwa simba na maua, bei ya kutupa, na watu wa Nakuru hawa hawa ambao ndugu zao walikuwa kiwandani wakapiga foleni kuzinunua. Kiwanda kikafunga mlango. Joash akaja nyumbani na blanketi mbili za kuagwa na hasira moja, na hiyo hasira ameifuga kama kuku wa mayai.

Siku hizi anauza makaa, kwa sababu, anasema, makaa hayatoki China. Mimi nauza samaki wa kukaanga, na samaki wenyewe siku nyingine wanakuja kwenye katoni wakiwa wamesafiri kunishinda. Hao Joash hajawageuza, na mimi sijamgeuzia.

Basi mwaka huu msichana wetu Mitchelle akatuletea kijana. Anaitwa Kibii, fundi wa stima, mtoto wa Sachangwan, nyumba ya viazi na ng'ombe. Babake ni Mzee Kipketer, mrefu hivi kwamba akiingia kwetu lazima ainame mlangoni kama anayeomba msamaha. Mara ya kwanza walikuja kujulishana tu. Wazee wakaongea mvua, wakaongea viazi, kisha Kipketer akataja watoto wake, huyu alikimbia mashindano Italia, yule yuko Japani anakimbia. Wala hakuwa anajigamba, alikuwa anataja tu mahali walipo. Lakini nikamwona Joash anaanza kufura kitini. Mtu mfupi akikalishwa karibu na mtu mrefu halafu akose la kusema, hapo jitayarishe.

"Sisi kwetu ni gitaa," akasema. "Ukoo mzima. Mtoto anazaliwa akijua kupiga."

Nimeishi na mtu huyu tangu meno yangu yote yakiwa mahali pake. Gitaa lilikuwa la marehemu babake, na kazi ya Joash ilikuwa kulipangusa vumbi, na hata hiyo kazi alifutwa. Lakini mbele ya wakwe humwambii mumeo amedanganya. Unaongeza mchuzi.

Kipketer akasema kwa upole kwamba hiyo ni baraka, na kwamba watakaporudi mwezi wa nane kwa mambo ya ng'ombe, watafurahi kupigiwa. Mwenye akili angekohoa hapo, aseme nyuzi zimekatika. Joash akaongeza kuni.

"Nitawapigia. Na litakuwa gitaa la Kenya. Kitu cha nje hakiingii nyumba hii."

Televisheni ilikuwa inawaka nyuma yake. Mitchelle akainuka polepole akaenda kuifunika kitambaa.

Sasa nieleze jambo moja. Kwa Wakalenjin na kwetu Waluo, mkwe anaheshimiwa kumshinda hata chifu. Humcheki, humkatizi, hata kupiga chafya unajizuia. Kwa hivyo Joash akishindwa kupiga, hao watu wasingesema neno. Wangerudi tu Sachangwan kimya, wakijua mama ya wajukuu wao ametoka nyumba ya mwongo, na Mitchelle angelilipia hilo kwa kuosha vyombo huko maisha yake yote. Hilo ndilo lililonitoa kwenye samaki nikampeleka mtu wangu kutafuta gitaa.

Tukaenda mjini kwa Kahiga, anayeuzia makanisa vinanda na spika. Magitaa yalikuwa yananing'inia ukutani kama mbuzi waliochunwa. Kahiga akaangalia vidole vya Joash kwanza. Vidole vyenyewe ni vifupi, vinene kama ndizi za kisukari, na vyeusi kwa makaa. Akamwambia ukweli bila kumuaibisha, kwamba lile kubwa lingemshinda, mkono usingezunguka shingo. Akamtolea dogo, la kipimo cha robo tatu, lenye nyuzi za nailoni zisizochubua vidole. Akatufundisha na kuchagua. Unalenga shingo kwa jicho moja kama unayekagua mbao, uone kama imepinda. Unabonyeza uzi, na ukiona umekaa juu sana, unaliacha, kwa sababu kujifunza kwenyewe ni kugumu na hakuna haja ya kujinunulia ugumu mwingine. Mtu mzuri sana. Mimi nilishaanza kutafuta pesa kwenye leso.

Joash akalipokea lile gitaa, akaligeuza, akachungulia ndani ya tundu.

"China," akasema, akalirudisha. Akapewa lingine. "Indonesia." Akapewa la tatu, akachungulia muda mrefu zaidi. "China tena, na huyu ameandika kidogo kidogo akidhani sitaona."

Akamuuliza Kahiga kama duka zima halina hata kitu kimoja cha nyumbani.

"Mzee, kuna begi," Kahiga akasema, sasa amechoka. "Begi zinashonwa na mama mmoja hapo Bondeni. Hizo ni zetu kabisa."

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Joash akaligeuza begi nje ndani, akavuta zipu, akanusa mshono. Akalinunua. Nikarudi Kivumbini nikitembea nyuma ya mume wangu amebeba mgongoni begi la gitaa lisilo na gitaa, na barabara nzima vijana wanamwamkia, "Niaje, msanii!" Naye anawapungia.

Nikamuuliza kama wakwe atawapigia begi. Akaniambia mtu hujenga zizi kabla ya kununua ng'ombe.

Kesho yake akalipeleka lile zizi kwa Makokha, anayetengeneza vitanda, sofa na majeneza kando ya barabara. Makokha ana roho safi na hajawahi kukataa kazi. Alipoulizwa kama amewahi kutengeneza gitaa, akajibu kwamba amewahi kutengeneza kitanda cha ghorofa. Hakuuliza hata gitaa linakuwaje. Alitia futi ndani ya begi, akapima urefu, akapima upana, akapima pale shingoni, basi. Na kwa kuwa begi lilikuwa la gitaa dogo, gitaa nalo likatoka dogo, saizi ya vidole vya Joash. Sehemu hiyo peke yake ndiyo iliyoenda sawa.

Nyuzi za dukani Joash alizikataa. Alienda kwa watu wa boda boda akaomba waya za breki zilizochakaa, akazifumua uzi mmoja mmoja kama wazee wa zamani. Nikamuuliza hizo pikipiki zimetengenezewa Londiani ama Elburgon. Akasema waya ukishavumilia barabara zetu miaka mitatu, huo ni Mkenya. Nikamwachia hilo, maana hata watu wanapata uraia kwa kukaa.

Gitaa lilipokuja, sidanganyi, liling'aa. Mbao ya saiprasi, vanishi ya jeneza la tajiri, uzito wa stuli. Jioni ya kwanza Joash alipolipiga, jirani alibisha hodi akauliza kama tunakata mabati, kwa sababu yeye pia ana kipande anataka kikatwe.

Mitchelle akachukua simu, kuna kitu ndani yake kinachosikiliza uzi na kusema kama umekaa sawa. Uzi ukipigwa wazi, simu inakubali. Joash akibonyeza tu, simu inakataa. Mitchelle akaangalia vile vyuma vidogo vya shingoni akaona kosa. Kwenye gitaa la kweli, nafasi kati ya chuma na chuma zinapungua kadiri unavyokaribia tumbo la gitaa. Makokha alizipima zote sawasawa, kama ngazi. Tukamrudia. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akatuuliza sisi tumeona wapi ngazi yenye vidato visivyolingana. Mtu si ataanguka?

Mwezi wa nane ulikuwa umekaribia, na mimi sina uvumilivu wa kuangalia msiba ukija kwa miguu. Nikamwita Joash chumbani nikampa mpango. Nitanunua lile dogo la Kahiga. Nitabandua ile karatasi ya ndani. Tutalitia kwenye begi la Bondeni, na wakwe wataona begi, watasikia muziki, watakula, watarudi kwao.

"Hakuna mtu atachungulia tundu," nikamwambia.

"Mimi nitachungulia," Joash akasema.

Akaniambia hata wale waliopiga foleni ya blanketi walisema hivyo hivyo, nani ataangalia. Hakuniambia kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningemjibu.

Siku ikafika. Wakaja Mzee Kipketer, mkewe Chepkurui, Kibii, na wazee wao wanne wenye kofia. Mambo ya ng'ombe yakaisha vizuri kuliko tulivyoogopa. Wakala, wakashiba, nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo wasahau. Kipketer akafuta mdomo, akasema kuna jambo tamu waliloahidiwa.

Joash akafungua begi. Alikuwa ametunga wimbo wa kuwakaribisha, na maneno hayakuwa mabaya, yalitaja mpaka viazi. Lakini gitaa! Mkono ukikaa chini ya shingo, sauti inakuwa ya mbuzi. Ukipanda juu, ni mbuzi huyo huyo amekanyagwa. Chepkurui akaanza kusoma vidole vya miguu yake. Mzee mmoja akavuta kofia mpaka puani. Kibii, maskini, alitazama dari kama fundi wa stima anayeona waya mbovu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekohoa. Wimbo ukaisha.

"Wimbo mzuri," Kipketer akasema, kwa sababu mkwe angesema nini?

Joash aliposikia mzuri, akapiga wa pili. Kipketer akasema huo pia ni mzuri. Akapiga wa tatu. Nikaona tulipofika. Wao hawawezi kumwambia aache, kwa sababu ni mkwe. Hawawezi kusimama, kwa sababu mkwe anapiga. Mimi siwezi kumnyamazisha mume wangu mbele ya wageni. Na yeye hawezi kuacha, kwa sababu wanamsifu. Jua likaanza kuteremka, na kule Sachangwan kulikuwa na ng'ombe wanaongoja kukamuliwa. Alipomaliza wa saba na kuanza kukaza waya tena, Kipketer akainuka, akamkaribia akainama.

"Baba Mitchelle, hiki kitu kimetengenezwa hapa hapa?"

"Hapo barabarani. Kwa mikono."

"Sijawahi kusikia kama hicho."

"Na hutasikia kwingine," Joash akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Basi naomba unipe nikiweke kwangu," Kipketer akasema. "Wajukuu wakizaliwa, waone kitu cha babu yao."

Mkwe hanyimwi, hilo Joash alilijua. Nilimwona amelishika lile gitaa kifuani, vidole vimetobolewa na waya za breki, nikadhani nitaona mzee akilia mbele ya watu. Lakini alikuwa ananyooka. Tangu kiwanda kifungwe, hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kwa sababu kimetengenezwa hapa. Alilirudisha ndani ya begi, akavuta zipu mwenyewe, akamkabidhi Kipketer kwa mikono miwili. Wale wazee wanne wakasimama kwa pamoja kama walioguswa na stima, wakaanza kuaga.

Walipoondoka akaniambia kesho ataenda kwa Makokha aagize lingine, kubwa zaidi.

Mitchelle ndiye aliyenipasulia habari za njiani, naye aliambiwa na Kibii. Ati gari lilipopita Ngata, Kipketer akauliza kama yule mzee hupiga kila siku. Kibii akasema hajui. Kipketer akasema basi wamefanya vyema kulichukua, majirani wake nao ni watu wa Mungu. Lakini alipofika nyumbani akaliweka sebuleni juu ya kabati, mahali hata paka hafiki, na mgeni akiuliza, anamwambia ni gitaa la Nakuru, limechongwa kwa mkono na kupigwa na mkwe wangu, na katika nyumba ya huyo mkwe kitu cha nje hakiingii.

Ile nusu ya kwanza sijamwambia Joash. Nusu ya pili nimemwambia mara tatu, na bado ananiuliza ilikuwaje.