Kiingereza Kilichomfikia Jirani

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alikaa barazani kwangu akijisomea kwa sauti. Anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo, na maneno magumu ya Kiingereza yalikuwa yakimtoka mdomoni kama punje za mahindi zikipukuchuliwa. Mimi nilikuwa jikoni. Nikajikuta nimeacha sufuria motoni, nimetoka nje, nachungulia nyuma ya migomba nione nani anasikiliza. Hakukuwa na mtu, kuku tu. Nikamwambia, "Punguza sauti, mama." Akauliza kwa nini. Nikasema jirani amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Yeye ana haraka ya mtihani, nisingeweza kumweleza. Nakueleza wewe, rafiki yangu, ambaye mitihani yako imekwisha kama yangu.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, upande wa Bweranyange, enzi za mkoloni. Baba alikuwa Uganda akitafuta kazi, mama alikwisha kuolewa kwingine. Bibi alikuwa mjane mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, kizuri kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu huko kwetu mikungu ya mjane ikiwa minene kuliko ya wenye waume, watu huanza kuulizana maswali wakiwa wameshusha sauti. Siri ya bibi ilikuwa samadi. Naijua vizuri, maana shingo yangu ndiyo iliyoibeba.

Samadi yenyewe ilitoka kwa jirani, mama wa nyumba ya wafugaji waliokaa pale migomba yetu inapokoma na nyasi zinapoanza. Kila jioni binti yake, rika langu, alituletea maziwa ndani ya ekyanzi, chombo cha mti chenye shingo nyembamba, kilichofukizwa kwa nyasi mpaka maziwa yakanukia moshi mtamu. Nasi tulimrudishia ndizi. Hakuna aliyepima. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Mwaka wangu wa mwisho katika shule ya misheni, mwalimu alituchagua wasichana wachache tufanye mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Alikuwa Mhaya kutoka upande wa Bukoba, mwenye soksi ndefu zisizoshuka hata kwenye tope. Alisema watunga mtihani wanapenda maneno mazito, na kwamba maneno yana koo kama watu. Akatufundisha ukoo mmoja ambao sitausahau. Arogant, mtu wa majivuno. Interogeti, kuhoji. Derogatori, ya kudharau. Prerogativ, haki aliyonayo mkubwa peke yake. Abrogeti, kufuta sheria. Babu yao wote, alisema, ni neno la Kilatini lenye maana ya kuomba. Vitabu havikutosha kwenda navyo nyumbani, kwa hiyo alituamuru tuyaseme kwa nguvu popote tulipo mpaka yakae.

Nami nikayasema. Niliyasema nikimenya ndizi, nikitandaza nyasi kavu sakafuni, nikichuma kahawa mbivu huku vidole vikinata. Ndimi zetu hazikuzoea neno linaloishia hewani, basi nikaliwekea mkia. "Aroganti, aroganti," niliimba kutwa, na nilipopata mahadhi nikaivuta silabi ya katikati: "Arooga-nti!" Sasa lisikie kwa sikio la mtu aliye ng'ambo ya migomba, ambaye hajawahi kuingia darasani. Kwa Kinyambo, lugha yetu, kama ilivyo kwa Kiswahili, kuroga ni kuroga.

Maziwa yakaacha kuja. Mwanzoni tulidhani ng'ombe wamepelekwa malisho ya mbali. Halafu tukasikia kwamba ndama wa jirani amekufa na ng'ombe wake bora amegoma kukamuliwa. Siku moja jirani alipita kwetu akitoka kuteka maji. Bibi akamkaribisha ndani kama kawaida, akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni hakaribishwi bila hiyo, na mwenyeji ndiye hutangulia kutia mdomoni ili mgeni aone. Bibi akatafuna. Jirani akachukua punje zake, akafumba kiganja, akazungumza habari za mvua, akaaga.

Nilipofagia nilizikuta punje zile zimesukumwa chini ya nyasi, pale pale alipokuwa amekaa. Nikamwonyesha bibi. Akaketi chini. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile, na alikuwa na sababu: mjane akiitwa mchawi alivunjiwa nyumba akafukuzwa, na kibanja chake hakikukaa muda mrefu bila kupata mwenyewe mpya.

Aliyetufumbulia jambo ni mzee wa kanisa, aliyekuja akiwa amevua kofia tangu njiani, nami sijawahi kumwamini mtu anayevua kofia mapema.

"Watu wanasema unamfundisha mjukuu wako kazi," alimwambia bibi.

"Kazi gani?"

"Anaimba kutwa, aroga, aroga. Ni nani huyo anayeroga? Au anajitaja mwenyewe?"

Nilieleza haraka, nikichanganya Kinyambo na Kiingereza, nikalia. Mzee akaondoka akitikisa kichwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata bibi hakuniamini sawasawa. "Majivuno yana kuroga ndani yake kwa nini?" aliniuliza. "Na huyo mwalimu wako hakusikia?"

Swali hilo la pili nimezeeka nalo. Kihaya na Kinyambo ni ndugu wa damu. Mwalimu alijua vizuri maneno yale yangesikikaje vibanjani, na siku anayaandika ubaoni alikuwa akitabasamu. Mpaka leo sijaamua kama lile lilikuwa tabasamu la mwalimu au la mchokozi.

Nikasema naacha mtihani. Bibi akakataa katakata. "Ukinyamaza sasa, watasema tumeshikwa." Asubuhi yake akanivalisha gauni la kanisani, akanishika mkono hadi zizini kwa jirani, akaniamuru niyaseme yote pamoja na maana zake, mbele ya kila mtu wa nyumba ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sema."

Nikayasema yote. Jirani alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Hilo la kuhoji, lirudie."

"Interogeti."

"Mbona nalo linaroga?"

"Ni ukoo mmoja, mama."

"Na lile la mkubwa?"

"Prerogativi."

"Hee! Wazungu hawa! Wakijivuna wanaroga, wakihoji wanaroga, wakitawala wanaroga!"

Mumewe alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Jirani naye akacheka, akamshika bibi mikono yote miwili, akasema yamekwisha. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Jioni ile ile maziwa yakaja.

Bibi aliyapokea kwa heshima, akashukuru, akasubiri yule binti apotee kwenye kona. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akayamwaga kwenye shina la mgomba.

"Bibi!"

"Yule ameniogopa, mwanangu. Sijui mtu mwenye woga anaweza kunifanyia nini."

Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa. Ndizi za kumpelekea jirani aliendelea kuzichagua nzuri kabisa, na mimi niliendelea kunywa uji mtupu. Mtihani niliufanya. Hakuna hata neno moja la ukoo ule lililoulizwa, lakini nilifaulu, nikaenda chuoni, nikawa mwalimu. Kila likizo niliyorudi nilikuta maziwa yakija na ndizi zikienda, na watu wakisema hakuna majirani wanaopendana kama wale. Bibi alifia ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuna aliyemfukuza, na hilo namshukuru Mungu. Jirani alilia msibani kuliko sisi wajukuu. Nilimtazama kwa mashaka, nikiona analia mno.

Siku hizi pale pana mabati. Migomba imepungua, ng'ombe wamekwisha kuhama, maziwa yananunuliwa madukani Omurushaka kwenye chupa za plastiki, na sijaona mtoto akipita njiani na chombo cha mtu mwingine kichwani. Natamani sana harufu ile ya moshi, mimi ambaye miaka ile ya mwisho niliinusa bila kuyanywa maziwa yenyewe.

Binti wa jirani nilikutana naye baadaye sana, kwenye benchi la wagonjwa hospitalini Nyakahanga, sote tumeota mvi. Tulicheka ile aroganti mpaka muuguzi akatukemea. Kwa kuwa wazee wetu walikwisha kufa, nikamwambia ukweli, kwamba bibi hakunywa tena maziwa yao. Akaacha kucheka. 

"Ndizi zenu mama aliwapa ndama," alisema. "Sisi watoto tulikatazwa hata kuzigusa."

Nikamuuliza kama walikuwa na chakula cha kutosha miaka ile.

"Hapana," akasema. "Tulilala na njaa."

"Na sisi pia," nikamwambia.