Utepe wa Kelvin

Kelvin Trezise hajui kukaa. Tangu astaafu ufundi umeme katika kiwanda cha sukari, hapa Bundaberg, sijamwona akimaliza kikombe cha chai. Anainuka kwenda kutazama kitu bandani, anarudi, anasahau alichofuata, anatoka tena. Sisi wa klabu ya kompyuta kuukuu tumemzoea, ila mimi bado ananitia kizunguzungu, na nimeshamwambia hivyo usoni.

Kinachomkimbiza ni kuvu. Mvua za huku hazina huruma na flopi, zile diski laini za kompyuta za zamani. Unafungua boksi lililokaa gereji tangu ujana wa mtu, unakuta madoa meupe yameota, na kila wiki ya unyevu inakula kitu: mchezo, hesabu, wimbo. Kelvin huziosha kwa spiriti, huzisoma, hunakili kilichomo mahali salama, kisha hurukia nyingine. "Zinakufa hizi," husema, na huwezi kumtania.

Desturi yetu moja haina mjadala: kabla ya kusoma, bandika utepe. Flopi ina pengo dogo ubavuni. Ukiliziba, mashine inasoma tu, haiwezi kuandika juu yake. Kelvin hutembea na utepe mfukoni. Anabandika huku anapiga soga, hata mikono haitazami.

Jumamosi moja akaja Shangazi Iris Malaba, bibi wa miaka themanini na ushei, pamoja na mpwa wake Darcy, dereva wa lori la miwa. Mji mzima tunamwita Shangazi, ndugu na asiye ndugu. Zamani alikuwa mpiga chapa wa ofisi pale kiwandani. Alikuwa amekumbatia flopi moja ya kizamani kabisa, upana wa sahani ya chakula.

"Baba alinisimulia habari za babu, mimi nikipiga chapa kwenye kompyuta ya ofisini," alisema. "Babu aliletwa hapa kukata miwa akiwa kijana, kutoka kisiwa cha mbali, Ambrym. Karatasi zilikwenda na mafuriko."

"Mwezi ujao tunakwenda huko, ukoo mzima," Darcy akadakia. "Kisiwa tunakijua. Kijiji hatukijui. Tutashuka tumuulize nani?"

"Na wewe Shangazi hukikumbuki?" nikauliza.

"Ningekikumbuka ningekuja kunusa spiriti yenu?"

Kelvin alikwisha kuichukua. Akaiosha, akazunguka meza, akabandika utepe, akaitia mashineni. Mashine ikatoa mlio mbaya. Akaizima haraka, akaiwasha tena flopi ikiwa bado ndani. Kisha akasimama wima, rangi imemtoka.

Nilichelewa kuelewa. Flopi hizi kubwa ni kinyume cha nyingine: pengo likiwa wazi ndipo zinapolindwa; ukiliziba, umezifungua ziandikwe. Na mashine ikizimwa na kuwashwa hivyo, umeme unaweza kutema takataka pale pale inaposoma. Kelvin ndiye anayewafundisha wageni jambo hilo.

"Nimeandika juu yake," akasema. "Shangazi, nimeharibu. Mkono umebandika wenyewe."

Darcy akasukuma kiti nyuma. "Mzee, tumekuletea kitu kimoja. Kimoja tu."

"Kaa chini, Darcy," Shangazi akasema. "Na wewe Kelvin, ng'oa hicho kitepe usome kilichobaki. Utalia baadaye."

Kelvin akaung'oa utepe, akasoma. Maneno yakaanza kupanda kwenye skrini, karibu yote mazima: meli, viboko, mke aliyemkuta hapa, shamba la kwanza. Halafu tukafika hapa: *Baba alisema kwao, chini ya mlima unaotoa moshi, palikuwa panaitwa*. Hapo zikafuata alama zisizosomeka, mistari miwili, kisha habari ikaendelea na mambo ya nguruwe.

Kelvin akaanza kutembea, mlangoni na dirishani, mlangoni na dirishani. Nilimhurumia na nilitamani kumpiga.

Shangazi akasoma tena kwa sauti ya chini. Nikaona vidole vyake vinacheza juu ya meza.

"Nipeni kibodi."

"Umekumbuka?" Darcy akauliza.

"Sijakumbuka kitu. Nipe, usinisemeshe."

Akafumba macho. Hakuanzia palipokatika, alianzia juu, kwenye mlima, akapiga kwa kasi ya ofisini, na alipofika *panaitwa* vidole havikusimama. *Ranvelu*. Nukta. Akafumbua macho akalitazama neno hilo kama la mtu mwingine.

"Ndilo?" Darcy akauliza.

"Mimi sijui. Vidole ndivyo vilivyolipiga. Kelvin, kaa basi, unanichosha."

Hakukaa. Alinakili flopi ile mara tatu, takataka zikiwa pale pale zilipo, na lile jina akaliweka kwenye faili lake peke yake. "Hilo amelitoa Shangazi," aliniambia. "Flopi haikunipa." Wiki zile alikuwa hafai, alikuwa akiniuliza kila nikipita kama wale watu wameshapanda ndege.

Darcy alipopiga simu, Kelvin alipokea amesimama, mimi sikio karibu. Palikuwa na kelele nyingi na jogoo.

"Tuko Ranvelu, mzee. Wamemkalisha Shangazi kwenye mkeka, wanamlisha viazi vikuu. Kuna bibi mmoja hapa anaimba jina la babu, anasema waliambiwa alizama baharini."

Kelvin akapapasa nyuma kwa mkono mpaka akapata kiti, akakaa.