Mistari Nyeupe Mbele ya Mulango

Daktari wetu alipotumwa Kalembe alikuja na valizi moja na raketi mbili. Wakati wa masomo yake ya udaktari alishindaga wenzake wote kwenye tenisi, na hakutaka kuacha. Sawa, lakini huku acheze na nani? Wanaume walimucheka. Njo mimi, muuguzi wake, nilikaza kitenge nikachukua raketi ya pili. Kwetu Kirolirwe nimelelewa nikikimbiza ng'ombe. Kampira kadogo vile kangenishinda nini?

Kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa kwisha, tulicheza kwenye uwanja wa kituo cha afya, na tulibishana sana. Mimi nasema mupira iko ndani, yeye anasema iko nje. Nikachoka. Nikaleta beseni ya udongo mweupe kutoka mutoni, tukachora mistari, moja ikapita mbele kabisa ya mulango.

Siku hiyo hiyo mama mumoja akatokea upande wa Walikale, mutoto mugongoni. Akafika kwenye mustari, akasimama. Nilimuona. Nikazani anatazama muchezo, sawa watu wengine. Tena nilikuwa karibu kushinda, sitadanganya, sikutaka kuacha. Tukacheza mpaka mwisho.

Daktari ndiye alienda kumusalimia. Alipofunua kitenge, raketi ikamutoka mukononi. Mutoto alikuwa anawaka homa, macho yamegeuka juu. Tukamukimbiza ndani, tukamuwekea serumu ya maji kwenye mushipa.

"Mama, juu ya nini haukuita?" nikamukaripia. Hasira ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe, nikamutupia yeye.

"Kwetu, pahali wanaume wamechora udongo mweupe kwa kazi ya desturi, mwanamuke hapiti, wala hapazi sauti," akajibu polepole. "Wewe nilikuona ndani ya mistari, nikafikiri wamekuruhusu. Nilikuwa nangoja mumalize."

Daktari akarudi kwa mutoto. Mimi nikatoka na ndoo na fagio, nikasugua ile mistari huku naomba Mungu. Majuto ni mujukuu, na huyo mujukuu nilimubeba siku tatu, kila nikipita karibu na kile kitanda. Siku ya tatu mutoto akalia, anataka kunyonya. Nililia na mimi, mbele ya wagonjwa wote, bila haya.

Mwezi uliofuata mama akarudi ili tumupime mutoto. Uwanjani hakukuwa tena kitu, vumbi tu. Nikiwa mulangoni nikamuona anazunguka kwa nyuma, mu migomba, matope mpaka kwenye magoti, mutoto amemuinua juu. Nikafungua kinywa nimuambie apite tu, mistari haiko tena. Nikakifunga. Nikavua viatu, nikashuka mu matope kumupokea mutoto.