Nani Kasema ni Shamba

Nimewahi kuaibika mbele za watu, lakini aibu ya kuumbuliwa na kompyuta niliyoipanga mwenyewe sikuijua mpaka nilipofanya kazi Kilosa.

Mradi mmoja ulinipa kazi ya kutengeneza kanzidata ya ardhi ya vijiji: kila eneo, mipaka yake na matumizi yake, ili mikutano ya kijiji iamue mambo ikiwa na kumbukumbu mkononi. Nilipanga chumba Magomeni, mtaa wa hapohapo Kilosa, nikajiona mtaalamu kwelikweli. Kwenye fomu yangu, mbele ya neno "matumizi", niliweka nafasi ya jibu moja tu. Shamba, malisho, makazi au msitu. Chagua, songa mbele. Nilipenda mambo yawe safi.

Huko Tindiga kulikuwa na ukanda wa ardhi unaoshuka hadi kwenye lambo. Mkulima anayeulima aliniambia ni wa babu yake, na kwamba baada ya mavuno huwaruhusu wafugaji kupitisha ng'ombe, kwa ujirani mwema. Mama mmoja mfugaji, mjane mwenye boma jirani, akasema kinyume: ni mapito ya ng'ombe tangu zamani, na ni wao waliomwachia mkulima alime wakati wa masika, maji yakiwa kila mahali. Hakukubali kunieleza tukiwa tumekaa. Alinitembeza njia nzima juani mpaka majini, akinionyesha kwa fimbo kila mahali ng'ombe wanaposimama, nami nikiruka samadi nisichafue viatu vyangu vya ofisini. Mwisho akaniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Kweli niliandika. Niliandika kwenye nafasi ya maelezo mengine, ambayo mwenyewe niliipanga isitoke kwenye karatasi za kuchapwa. Kwenye matumizi nikachagua shamba. Mimi ni mtoto wa wakulima wa milimani, nimekuzwa na jembe na shule ya misheni. Nikiona mabua naona shamba, basi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilivuta bila hata kujua kwamba nimeshika ngozi.

Karatasi ikabandikwa ofisi ya kijiji. Mkulima akaisoma, na kiangazi kilipofika akaziba njia kwa miiba, akapanda mboga. Hakukiuka neno hata moja lililoandikwa. Ng'ombe wa yule mama wakawa wanazunguka nusu siku kufuata maji, na ndama hawakuimudu safari ile.

Niliposikia, nilimfuata. Nilimkuta zizini akimwinua ndama aliyeshindwa kusimama. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema, bila kunitazama. "Nilikutembeza mpaka majini. Ulikuwa unaangalia nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Viatu vyangu.

Nilirudi Magomeni najichukia, nikaivunja kanzidata yote na kuanza upya. Sasa kila eneo liliweza kubeba kauli zinazopingana, zote zichapwe, na hakuna kauli itakayopokelewa kabla ya kujazwa nani ameisema. Nikaingiza ya mama. Nikaingiza ya mkulima, na nilipoisoma vizuri kwenye daftari nikaona naye alisema ng'ombe hupita. Walikuwa wakibishana nani mwenyeji na nani mgeni wake. Kwamba ng'ombe hupita, hilo halikuwa na ubishi.

Ikabaki kauli ya zamani: shamba, mwaka mzima. Kompyuta ikagoma kuipokea, ikitaka kujua nani ameisema. Nikapekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyeisema. Ningeweza kuifuta, na nilikaribia sana kuifuta, lakini ndiyo iliyoziba njia. Nikaandika jina langu.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kuamua habari ya ile miiba, mtendaji alisoma karatasi mpya kwa sauti, kauli moja baada ya nyingine, pamoja na majina. Mama yule alikaa mbele. Iliposomwa ya tatu, aligeuka kunitazama, na mkutano mzima ukageuka naye.