Nilivyopigana Vita vya Majini Kwenye Nchi Kavu

Nimepigana vita vya majini mara moja tu maishani, na ilikuwa mlimani, mahali ambapo hata maji ya kunawa uso yanauzwa kwa dumu.

Tulikuwa ndani ya boti. Tulikuwa na makasia. Nanga tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni ziwa.

Wajukuu wangu wakisikia mwanzo huu wanacheka. Hapo nawaonyesha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichoishia katikati.

Wanasogea karibu.

Mimi ni mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nililinda lango la kiwanda cha magodoro. Kila kitu cha kiwanda nilikiwekea doa jekundu: toroli, ngazi, mpaka kikombe cha meneja. Ukikutwa unatoka na kitu chenye doa, una kesi na mimi.

Ila nilikuwa na ugonjwa wangu. Mtu akija langoni kavaa suti, nitamhoji mpaka jina la bibi yake. Akija na ovaroli chafu na spana mkononi, napandisha kizuizi na kumpa pole ya kazi.

Ugonjwa huo uweke pembeni kidogo. Tutauhitaji.

Mdogo wangu wa kike ni mjane, anavusha watu ziwani. Boti yake ilipasuka tumbo kwenye mwamba. Mkuu wa gati akamwambia, "Jumamosi asubuhi usipokuwa na boti hapa, nafasi yako nampa mwingine." Nafasi hiyo ndiyo inayolisha wanawe. Hana nyingine.

Nikamtafutia boti ya faiba, nyeupe, imetumika lakini nzima. Tatizo ilikuwa mbali sana, na huko ilikokuwa hakuna mto wala mfereji wa kuifikisha ziwani. Ilibidi ipande tela.

Nikamchukua shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kwa sababu ana pikapu. Mtaani wanamwita Nahodha. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, maana anaogopa maji kiasi kwamba anaoga kwa kitambaa.

Kabla ya kuondoka nilichuchumaa kwenye magurudumu ya tela nikaanza kupaka kila nati doa jekundu. Mke wangu akasimama nyuma yangu.

"Baba watoto, hiyo si rangi yangu ya kucha?"

"Naweka alama."

"Lango lilishakuacha. Wewe ndiye hujaliacha."

Nikamalizia nati ya mwisho. Nati zilipendeza kweli, utadhani tela linakwenda harusini.

Ijumaa mchana tukasimama kunywa chai chini ya mlima, kwenye kibanda cha mabati. Ziwa lilikuwa upande wa pili. Boti nzima, sisi wazima, Jumamosi ipo mbele yetu. Nilikuwa najiona mwanaume wa maana.

Akaja mtu. Ovaroli ina grisi mpaka kwenye kola. Mkononi spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Gurudumu lako la kushoto linacheza. Nimeliona mlipokuwa mnaingia. Nikukazie?"

"Kaza, mwanangu."

Nahodha akashusha kikombe. "Unamjua huyu?"

"Ana spana."

"Na kinyozi ana wembe. Ndiyo nimpe shingo kila anayepita?"

"Kunywa chai, shemeji."

Yule kijana alichuchumaa nyuma ya gurudumu, akahangaika, akainuka anafuta mikono. Nikataka kumpa kitu kidogo, akakataa katakata. Nikambariki yeye na wanawe, ambao mpaka leo sijui kama anao.

Tukaanza kupanda. Katikati ya mlima pikipiki ikatupita kwa kasi. Dereva alivaa koti refu na ile kofia ngumu yenye kioo cheusi. Sikumtilia maanani.

Karibu na kilele nikasikia kitu kinalia nyuma, kama mtu anasaga meno. Kisha kishindo. Kisha gurudumu moja likatupita upande wa kushoto, linatembea lenyewe, halina haraka.

"Shemeji," Nahodha akasema, "lile linafanana na la kwetu."

"Ndilo."

Likaacha barabara. Likashika mteremko kuelekea machimbo ya kokoto, ambako wanawake wamekaa chini ya turubai wanapasua mawe. Sasa likapata mwendo. Likaruka rundo la kokoto kama mbuzi, likapotelea upande wa pili.

Tukasikia bati linakunjika. Tukasikia kioo.

Halafu mtu akapiga kelele, ile kelele ya mfupa.

Nahodha akazima gari. Midomo ilikuwa imemkauka. "Tumeua."

Tela lilikuwa limelalia upande wa kushoto, ekseli imejichimbia barabarani, boti imeinama kama mlevi anayetafuta kiatu. Tukashuka. Wala hatukupata muda wa kuangalia uharibifu, maana watu watatu walitokea kichakani.

Mmoja alikuwa mrefu, ana panga. Wa pili kifua wazi, ana nondo. Wa tatu alivaa kofia ngumu ya pikipiki, kioo kimeshushwa, ana shoka. Huyo hakusema neno.

Nikajua ni ndugu wa marehemu. Nikanyanyua mikono.

"Wanangu, naomba radhi kwa lile gurudumu. Tutabeba gharama zote za msiba."

Mrefu akanitazama kama naongea usingizini. "Funguo, mzee."

"Hata kaburi tutachimba wenyewe."

"Kaburi la nani? Funguo za gari."

Nikasema moyoni, uchungu umemvuruga akili, maskini.

Kifua Wazi hakuwa na subira. Akampiga Nahodha nondo ya mdomo. Meno yakatoka, niliyaona yakianguka kwenye vumbi, meupe, kama mtu kamwaga punje za mahindi. Nahodha hakulia. Alitema damu, akatia funguo ndani ya suruali, mahali ambapo mwanaume mwenzako hawezi kuingiza mkono bila kufikiri, akarukia ndani ya boti.

Na mimi nikarukia.

Panga likashuka nikiwa nimeshika ukingo. Sikusikia maumivu. Niliona tu kipande cha kidole changu kimebaki kwenye faiba na mimi nipo ndani.

"Shemeji," nikasema, "nimesahau kitu nje."

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Nilishika kasia kwa mikono miwili, damu inanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mrefu alipochungulia nikampiga la sikio. Kasia likalia, na yeye akalia. Akarudi, nikampiga la pua, ikahama upande. Kifua Wazi alipandia nyuma. Nahodha akainua nanga kwa kamba yake, akaizungusha kichwani kama mtu anayefukuza ndege shambani, akaiachia.

Nanga ilimpata begani. Mfupa ukavunjika kwa sauti ya kuni kavu. Nondo ikaanguka, lakini mkono mmoja ulikuwa bado mzima, na kwa huo akamkamata Nahodha mguu akaanza kumvuta nje.

Nikamkanyaga vidole kwa kisigino. Hakuachia. Nikamkanyaga tena, mpaka nikasikia kitu kinapasuka chini ya kiatu. Akaachia.

Usinione mkatili. Ungekuwa ndani ya boti ile ungekanyaga na wewe.

Basi yule wa kofia akaona wenzake wamezidiwa na wazee wawili. Hakuja kwetu. Alikwenda ubavuni mwa boti akaanza kuipiga shoka.

Pa. Pa. Faiba ikachanika. Mwanga ukaingia karibu na goti langu.

Kidole nilikuwa nimesamehe. Lakini nilipoona lile tundu nikamwona mdogo wangu amesimama gatini Jumamosi mikono mitupu, na mwingine anaingiza boti kwenye nafasi yake. Kitu kikanipanda kichwani.

Chini ya kiti kulikuwa na fataki ya kuombea msaada, ile ya majini. Aliyetuuzia boti alisema, "Mkizama, vuta hapa." Sikuona kuzama kunakozidi pale. Nikainama kwenye ukingo, nikamlenga yule mwenye shoka, nikavuta.

Fataki haikumpata. Ilipita juu ya kofia yake, ikagonga mwamba, ikarudi na kuingia ndani ya shati la Mrefu. Shati likawaka rangi ya waridi. Yule bwana alikimbia akizunguka boti mara kadhaa, anawaka, kisha akajitupa mtaroni anagaragara, ngozi ya mgongo imebaki kwenye kitambaa.

Moshi mwekundu ukapanda juu ya mlima, mtu yeyote angeuona.

Na waliuona.

Kwenye mteremko wakatokea wanawake. Wale wapasua kokoto. Hawakupungua ishirini, wamejifunga kanga viunoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, kila mmoja ana nyundo yake ya kazi. Mbele yao mama mmoja mnene, anapanda bila kuhema.

Nikajua sasa ndiyo mwisho. Hawa wametoka kumwona maiti, wanamfuata mwenye gurudumu.

Nikasimama kwenye boti nikatupa kasia. "Mama, gurudumu ni langu. Shemeji yangu hana kosa."

"Baba," akasema yule mama, "lala chini."

"Niache nisali kwanza."

"Lala chini, nakwambia."

Nikalala. Nyundo ikapita pale kichwa changu kilipokuwa, ikaenda kutua kwenye kifua cha yule wa kofia, ambaye kumbe alikuwa ameshapanda nyuma yangu na shoka juu. Nilisikia mbavu zake. Akaanguka nje kama gunia.

Halafu wale mama wakafanya kazi yao. Mikono inayovunja mawe kutwa nzima, mfupa wa mtu hauisumbui. Sitasimulia yote. Kifua Wazi aliomba apelekwe polisi, kwa hiari yake.

Nilipopata sauti nikauliza, "Mama, yule mliyemkuta kule chini amefariki?"

"Afe wapi. Mguu umekunjika kama kiti cha kukunja, mmoja."

"Na wa pili?"

"Wa pili tulikunja sisi."

Akanieleza huku ananifunga kidole kwa upindo wa kanga yake. Gurudumu langu liliruka rundo la kokoto likaingia kwenye kioo cha gari lililofichwa nyuma yake. Ndani kulikuwa na mwanaume anasubiri. Wakakimbia kumsaidia, wakafungua buti wapate pa kumlaza, wakakuta ile pampu yao ya kutolea maji machimboni. Iliibwa zamani, na lawama zote alibeba mlinzi wao.

"Huyo ndiye mkubwa wao," akasema. "Kila gari linaloharibika mlimani hapa linavunwa. Tulikuwa tunajiuliza, kwa nini magari yanaharibikia palepale?"

Nahodha, mdomo umevimba kama andazi, akashuka akaenda kwa yule wa kofia. Akaifungua, akaivuta.

Alikuwa kijana wangu. Wa ovaroli. Yule wa shikamoo.

Nahodha akamwingiza mkono mfukoni, akatoa nati, zote isipokuwa moja aliyoiacha itufikishe juu. Akaziweka kwenye kiganja changu kizima, moja moja. Kila moja ina doa jekundu, rangi ya kucha ya dada yake.

 Ningependa angenitukana tu.

Kijana akanitazama kutoka chini, damu puani. "Mzee," akasema, "si uliniambia mwenyewe nikaze?"

Nikampiga kofi. Hilo moja najuta, kwa sababu nilitumia mkono wa kidole.

Gurudumu tulilitoa kwenye lile gari, limepinda kidogo tu. Tukalifunga kwa nati zangu mwenyewe. Tundu la boti wale mama waliliziba kwa kipande cha toroli na lami ya kuchemsha, kwa ustadi wa ajabu. Tukateremka upande wa pili taratibu, na Nahodha kila baada ya kona anashuka kuzigusa nati.

Jumamosi asubuhi tukaingia gatini. Boti ina kiraka cheusi, ukingo una damu iliyokauka, mmoja wetu hana meno ya mbele na mwingine ana kanga mkononi. Mkuu wa gati alikuwa ameshasimama na mwenye boti mwingine, wanapeana mikono. Walitutazama. Wakaitazama boti. Yule mwingine akakumbuka ana safari mahali.

Mdogo wangu akaizunguka boti, akagonga kiraka.

"Kaka, umeniletea boti au sufuria?"

Kisha akaona kidole, akakaa chini kwenye mchanga akalia. Mpaka leo boti ile inavusha watu. Hakuna anayemrukia foleni.

Somo langu ni dogo, mwenye masikio achukue. Mtu akikujia na msaada ambao hukuuomba, hata kama ni mchafu wa kazi na ana heshima ya kukuamkia, muulize maswali yale yale ambayo ungemuuliza mwenye suti.

Juzi fundi bomba alikuja nyumbani, kaitwa na mke wangu, spana mkononi. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bibi yako anaitwa nani?"